Tunaojua kwenda msibani: taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha wakazi, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama,

Mwangaluka. Wazee wetu, akina mama, vijana wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, na nyote mliopanda hadi huku juu ya mawe kuja kwenye mkutano mkuu, asanteni kwa kufika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina na nakala mnazo mikononi, kwa hiyo sitazirudia. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo moja ambalo limenikaa moyoni mwaka mzima.

Mtaa wetu unajua kukusanyika. Ikitokea msiba usiku, kabla jua halijapanda turubai limeshafungwa, kuni zimefika, masufuria yameazimwa, na kuna mtu amekaa mlangoni na daftari anaandika michango. Hakuna anayesukumwa. Hiyo ndiyo nzengo, umoja wa majirani wa kusaidiana, tuliyorithi, na hata majirani wasio Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wakurya tunaokaa nao hapa, wameizoea wakaiita yao. Mwezi Januari tulimzika mzee wetu mmoja na uwanja ulijaa watu hadi barabarani. Siku tatu baadaye ulikuwepo mkutano wa mtaa, mita chache tu kutoka pale pale. Niliwahesabu kwa kidole kutoka kwenye benchi la nyuma na sikufika thelathini. Siku hiyo ndipo ulipoamuliwa mchango wa ulinzi shirikishi ambao wengi wenu mlikuja kunilalamikia baadaye. Waliouamua walikuwa na haki ya kuuamua. Sisi tulikuwa nyumbani.

Ofisi ya serikali ya mtaa wengi wetu tunaijua kwa barua ya utambulisho tu. Ukitaka kitambulisho cha NIDA, ukitaka kufungua akaunti benki, ukitaka kumdhamini ndugu yako polisi, unakwenda, unagongewa muhuri, unaondoka. Lakini Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na mahali madaraka hayo yanapotufikia ni mkutano wa mtaa. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Mpangaji ni mjumbe, mama wa nyumbani ni mjumbe, na baria, yaani mvuvi wa kuajiriwa mtumbwini, aliyehamia juzi kutoka Ukerewe akapanga chumba hapa naye ni mjumbe. Mtu haombi nafasi hiyo kwa yeyote.

Sasa niwaeleze habari ya mtaro, kwa sababu ndio uliotufundisha, na makosa yaliyotokea mengi yalikuwa yetu.

Mnaujua mtaro unaoshuka kutoka kwenye mawe, ukapita nyuma ya shule, ukavuka barabara kwa karavati moja na kumwaga ziwani. Mvua za vuli ulifurika, maji yakaingia nyumba za bondeni, godoro la mtoto wa shule likaelea. Tulifanya tulichokizoea: Jumamosi tukatoka na majembe na chepeo, tukazibua, tukachoma uchafu, tukarudi nyumbani tumeridhika. Wiki mbili baadaye ukaziba tena. Kijana mmoja fundi ujenzi ndiye aliyetuambia wazi kwamba tatizo si taka peke yake. Karavati lenyewe ni dogo kuliko maji yanayoshuka tangu nyumba zilipoongezeka huko juu.

Tukaenda kwenye mkutano wa mtaa. Nilisimama mimi mwenyewe nikalizungumza kwenye mengineyo, watu wakapiga makofi. Tulipoomba kusoma muhtasari, jambo letu halikuwemo hata kwa sentensi moja. Nilikasirika siku ile, lakini baadaye nilielewa. Jambo lililosemwa kwenye mengineyo, saa watu wameshainuka kuondoka, ni rahisi kupotea. Lililoandikwa kwenye ajenda halipotei hivyo hivyo. Mkutano uliofuata tulitanguliza barua kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala kwa afisa mtendaji tukiomba mtaro uwe ajenda. Vijana wakachora ramani kwa mkono kwenye karatasi ya manila kuonyesha nyumba zilizoingia maji. Tukajadili, tukapitisha, muhtasari ukaandikwa na kusainiwa.

Kufika kata, mwezi Machi, tukagundua kosa la pili. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, na halmashauri zinapitisha bajeti miezi mingi kabla ya hapo. Maombi ya mitaa yanapaswa kuanza kukusanywa mwishoni mwa mwaka unaotangulia, yapite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo yaende juu. Sisi tulifika bajeti ya 2025/26 imeshapita. Na kosa la tatu: tulikuwa tunamlaumu diwani kwa kitu kisichojengwa na halmashauri. Barabara za mijini na vijijini, pamoja na mifereji na makaravati yake, tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Diwani wetu alituelekeza vizuri, tukaandika barua TARURA tukiambatanisha muhtasari na picha, na mhandisi akaja akapima. Karavati halijajengwa. Ombi letu limepangwa kuingia kwenye mapendekezo ya 2026/27, na kamati yetu ndogo ya mtaro inalifuatilia. Naomba msiivunje moyo kwa kuuliza kila wiki mbona hakuna kinachoonekana.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu nimeona watu wazima wenye akili wakichoka na kusema serikali haisikii, kumbe walipeleka neno lao mahali pasipostahili au mwezi usiostahili. Na mtaro huu si wa bondeni peke yao. Chochote tunachotupa huku juu, chupa, mifuko, hata nepi, kinaishia ziwani, na ziwa hilo hilo ndilo MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, inalovuta maji yetu kutoka Capri Point na Butimba. Tunayanywa.

Kuhusu mahudhurio, ipo habari njema. Ilikuwa fikra ya wanachama wetu wa mwaloni. Mikutano ya mtaa ilikuwa inaitishwa saa tatu asubuhi, wakati wavuvi wa dagaa ndio kwanza wamelala na akina mama wako Kirumba Mwaloni sokoni au wanaanika. Tukamwomba mwenyekiti wa mtaa mambo mawili: mkutano uwe saa kumi jioni, na upangwe siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika na watu wako nyumbani. Mwenyekiti alikubali bila ubishi. Tangazo tukalipitisha kwa viongozi wa nzengo, wale wale wanaopiga simu za misiba, badala ya kulibandika kwenye mbao za matangazo na kungoja. Mkutano wa mwezi Mei ulijaa. Mabaria walikaa mbele. Na mapato na matumizi ya mtaa yalisomwa mbele ya watu wanaouliza maswali, jambo ambalo ni haki yetu kila mkutano na tulikuwa tumeliacha tu.

Akina mama, nawashukuru hasa ninyi. Mwanzoni mlikaa nyuma na mlizungumza kwa kunong'onezana. Ilichukua mama mmoja muuza dagaa kusimama na kuuliza kwa nini mabinti wa darasa la sita na la saba wana tundu moja la choo, ndipo mikono ikaanza kuinuka. Swali lile sasa liko kwa kamati ya shule, na wazazi wawili kati yetu wameingia kwenye kamati hiyo. Zahanati nayo ina kamati yake ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Nafasi hizi hutangazwa, watu hawajitokezi, halafu tunajikuta na watu wale wale miaka nenda rudi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimekaa kwenye vikao vya kamati za shule kama mjumbe wa upande wa walimu, na nawaambia kwa yakini: mzazi mmoja anayeuliza bei ya saruji anabadilisha kikao kizima.

Mwaloni, wanachama wetu wamejiandikisha BMU, kikundi cha watu wa mwalo cha kusimamia uvuvi. Najua yapo manung'uniko kwamba kikundi hiki ni cha wenye mitumbwi na injini. Kwa utaratibu wake kamati ya BMU inapaswa kuwa na nafasi za mabaria, wachuuzi na wanawake pia, na huchaguliwa na watu wa mwalo wenyewe. Asiyehudhuria uchaguzi ule asishangae akisikia kokoro, wavu uliopigwa marufuku, limeonekana tena usiku na hakuna aliyeuliza. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Huyo bado ni mtoto. Vijana wetu wanalijua hilo kuliko mimi. Ninachowaomba ni kulisema kwenye kikao na si kijiweni peke yake.

Kikundi cha akina mama watano wa kukaanga na kuanika dagaa kimeomba mkopo wa asilimia 10. Kwa wasiofahamu, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katibu wetu aliwasaidia kuandika katiba ya kikundi na kukutana na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Majibu hatujapata, nitawajulisha.

Sasa jambo linalonisumbua dhamiri. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Uandikishaji wa wapiga kura wa mtaa ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Wanachama wetu kadhaa, na wawili kati yao ni wazee ninaowaheshimu sana, hawakujiandikisha kwa kuamini kwamba kadi ya mpiga kura waliyo nayo inatosha. Haitoshi. Orodha ya wapiga kura wa mtaa ni nyingine na Daftari la Kudumu ni jingine. Siku ya kura walirudi nyumbani. Chama hiki kilipaswa kuwaambia mapema, na tangazo letu lilitoka siku za mwisho. Kosa hilo ni langu kama mwenyekiti na nawaomba radhi mbele ya wote. Viongozi wa mtaa hukaa miaka mitano, kwa hiyo waliokosa nafasi ile wataingoja muda mrefu.

Hapo hapo niseme kuhusu vyama. Wapo wanachama wetu waliogombea, kila mmoja kwa chama chake, maana sheria inataka mgombea apitie chama cha siasa. Sisi kama chama cha wakazi hatukumpigia debe mtu na hatutampigia. Pia wageni wa mtaa wajue: balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama cha siasa. Anaheshimika na anajua kila nyumba, lakini ukiwa na jambo la serikali ya mtaa lipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji.

Ulinzi shirikishi umeendelea, zamu zinajulikana. Sitaongeza neno ila moja. Wazee wetu ndio walioanzisha sungusungu huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wanaokumbuka wanajua faida yake na wanajua pia watu walioumizwa bila kusikilizwa. Mtu akikamatwa usiku apelekwe kituoni mzima.

Migogoro ya mipaka imekuja ofisini kwetu mingi kuliko mwaka uliopita. Viwanja vya mlimani havina alama na kila mtu anahesabu kuanzia kwenye jiwe lake. Tumewaelekeza Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi tena hukumu. Wengine walisikitika kusikia hivyo. Binafsi naona ni nafuu kwa majirani ambao kesho watafungiana turubai.

Mwaka unaokuja tunaomba ridhaa yenu kwa mambo mawili. La kwanza, kalenda moja ukutani hapa chamani inayoonyesha mikutano ya mtaa, vikao vya Kamati ya Maendeleo ya Kata, na miezi ya kuandaa maombi ya bajeti, ili mwezi Oktoba utukute na orodha yetu mkononi. La pili ni zamu za kwenda kusikiliza Baraza la Madiwani. Linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kukaa kimya akisikiliza. Mwaka huu nilikwenda mara mbili na mara zote mbili mabenchi ya wananchi yalikuwa karibu matupu. Diwani wetu aliponiona aliinua mkono kunisalimu, na ilipofika zamu yake akautaja mtaro kwa jina.

Daftari la zamu lipo kwa katibu, mezani mlangoni, kando ya lile la michango ya rambirambi. Kikao cha kwanza kinahitaji watu wanne na walioandika majina hadi asubuhi hii ni wawili. Nauli ya daladala kwenda na kurudi italipwa na chama.

Wabeja sana.

Mwenyekiti