Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wazee mliotutangulia katika kazi hii na vijana mliojiunga mwaka huu, nawasalimu nyote.

Hesabu za chama mtazisikia kwa mweka hazina, sitamwingilia. Mimi nitazungumzia jambo lililotawala vikao vyetu mwaka mzima: umeme unaoliwa na mitambo ya kusafisha majitaka, na namna ya kuupunguza mtambo unapofanyiwa ukarabati.

Mfano uliotajwa sana ni Bugolobi, hapa Kampala. Mtambo wa kwanza pale ni wa miaka ya 1940. Huu mpya wa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka umesanifiwa kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku, na tope lake huozeshwa ndani ya matangi yaliyofungwa ili litoe biogesi ya kuzalisha umeme. Joto la nchi yetu linatubeba hapo, kwa sababu tangi la kuozesha hutaka nyuzi 35 hivi, na sisi hatuanzi na maji ya barafu. Ila gesi hiyo ina haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai bovu na kula chuma. Isipochujwa, injini italiwa na kutu mapema, na umeme wa bure utageuka gharama ya vipuri.

Kuna hoja ya kijana mmoja wetu ambayo naiunga mkono kabisa. Kwa wateja wakubwa, umeme wa Uganda ni ghali zaidi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Saa hizohizo watu wamerudi nyumbani, wanaoga na kupika, na majitaka yanaongezeka. Vipuliza hewa, vinavyowapa pumzi vijidudu vya kusafisha majitaka, huwezi kuvizima. Basi gesi ihifadhiwe mchana, jenereta iwashwe jioni, na kazi ya kukamua tope isogezwe usiku wa manane. Hapo hakuna mashine mpya, ni ratiba tu.

Sasa hewa. Katika mtambo unaotumia matangi ya kupuliziwa hewa, upuliziaji peke yake mara nyingi hula nusu ya umeme wote au zaidi. Muuzaji wa vipulizaji huja na jedwali lililopimwa usawa wa bahari. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 13. Muulizeni kama amelipigia hesabu hilo kabla hamjasaini. Kisha mdai kipimo cha oksijeni ndani ya tangi, kiunganishwe na kidhibiti mwendo cha mota. Miligramu 2 kwa lita kwa kawaida zinatosha. Zaidi ya hapo mnapuliza pesa hewani. Pampu ya mzunguko nayo ikipunguzwa mwendo kwa asilimia 20, umeme wake hushuka karibu nusu, mradi haisukumi maji kupanda mlima mrefu.

Na macho yenu yasistaafu. Tangi zuri huwa na viputo vidogo, vilivyosambaa sawasawa. Mkiona sehemu moja inachemka kwa viputo vikubwa huku pembeni maji yametulia, utando wa kisambaza hewa umepasuka chini. Kipulizaji kitaendelea kunguruma na bili itaendelea kuja, lakini vijidudu vinakosa pumzi.

Wapo waliouliza kwa nini tusirudi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, kama ya Lubigi hapa Kampala. Swali ni la haki. Bwawa halitaki umeme mwingi, na miji mingi yetu inalihitaji kuliko mashine. Ila linataka ardhi, na bei ya ardhi Kampala mnaijua. Tena bwawa la kwanza, lile lenye kina, huachia methani, gesi ya kuwaka, ikapotea bure. Maoni yangu: mji wenye nafasi ubaki na mabwawa, usidanganywe na vyuma vinavyong'aa.

Kuhusu kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na nepi kwenye machujio ya kuingilia, tumelalamika vya kutosha. Pampu iliyozibwa hula umeme bila kusukuma kitu. Kamati itaandaa mafunzo kwa wasimamizi wa zamu, nasi tutaomba idara za usafi za manispaa zishiriki.

Mwaka ujao naomba kila tawi lisome mita ya umeme ya vipuliza hewa peke yake, si ya mtambo mzima, na liandike kila siku pamoja na kiasi cha maji yaliyoingia. Penye mita moja tu, ombi la mita ndogo lipelekwe kwa menejimenti sasa, kabla ya bajeti kufungwa. Ada zilizobaki zilipwe kwa mweka hazina kabla ya uchaguzi. Asiyelipa hatapiga kura, katiba yetu iko wazi.