Asiyeamini anamkana Mungu yupi?

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua. Hii mijadala ya Mungu yupo Mungu hayupo imekuwa ya kutukanana tu, hawa wanaitwa makafiri, wale wanaitwa mbumbumbu wasiojua sayansi, basi imeisha. Mimi naamini na nasali, ila naona tunakimbilia kumuuliza mtu kwa nini haamini kabla ya kumuuliza huyo Mungu anayemkataa yukoje, maana akishakueleza mara nyingi unakuta hata wewe huyo humwamini. Hata Wakristo wa mwanzo Roma walishtakiwa kwamba hawana Mungu, kisa wamekataa kuabudu miungu ya wenzao.

Halafu hii ya kwamba sayansi ni ya wasioamini, jamani. Mlipuko mkuu (Big Bang), ile nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyoanza, unaotajwa kila siku kutubana sisi wa dini, aliyeianzisha hiyo nadharia ni padri kabisa, Georges Lemaître wa Ubelgiji, mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka na 1931 akasema ulianzia kwenye kitu kimoja kama atomu. Na aliyeipinga kwa nguvu ni Fred Hoyle, mwanasayansi wa anga Mwingereza asiyeamini, yeye na wenzake wakaleta ya kwao 1948 kwamba ulimwengu haujawahi kuwa na mwanzo, na kilichokuwa kinamkera mojawapo ni kwamba ile ya padri inanuka dini! Hata hilo jina la mlipuko mkuu alilitoa yeye redioni BBC mwaka 1949. Sasa sikia. Mwaka 1951 Papa Pius XII akahutubia akaonyesha kama vile sayansi imeshathibitisha uumbaji, ungedhani padri Lemaître atashangilia, wapi, hakupendezwa, kwake nadharia ilikuwa ya kupimwa kwa hesabu na darubini, mambo ya imani hayamo humo. Mimi nadhani alikuwa sahihi, kwa sababu ukimfunga Mungu kwenye nadharia na nadharia ikaja kuanguka utasemaje?

Na vijana wanaopenda kuposti "Mungu amekufa" ya yule mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche wangesoma basi yale maneno yako wapi. Kwenye kitabu chake cha 1882 anayesema ni mwendawazimu, ameingia sokoni na taa asubuhi kweupe anamtafuta Mungu, na wanaomcheka pale sokoni wengi ni hao hao wasioamini. Yeye hachekelei, anawauliza nani atatufuta hii damu. Anaona wamebomoa kitu kikubwa na hata hawajashtuka.

Lawama nyingine ni zetu, tusijifiche. Mtaguso wa pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965 uliandika wazi kwamba waumini wanachangia watu kukana Mungu, kwa kufundisha imani vibaya na kwa maisha yao yenye kasoro, na walioandika hayo ni maaskofu! Mtu amefundishwa Mungu wa kuvizia makosa tu, akikua akamkataa unamshangaa nini?

Kwa hiyo mhariri, mkichapisha tena makala za pande mbili, msianze na yupo au hayupo. Kila mmoja aandike aya moja kumweleza huyo Mungu anayemzungumzia, halafu mwenzake aseme kama ni huyo huyo aliyekuwa anamfikiria yeye.

Msomaji wenu.