Kwa nini kopo letu la siagi ya njugu halijaandikwa "halina kolesteroli"

Wiki jana mama mmoja, mteja wetu wa miaka, alituwekea makopo mawili ya siagi ya njugu juu ya kaunta. Moja letu, jingine la supamaketi. "Kijana wangu," akasema, "hili limeandikwa halina kolesteroli. Lenu halijaandikwa. Na daktari ameniambia nichunge kolesteroli. Sasa mmekuwa mkinilisha nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulimjibu kwamba hakuna njugu yenye kolesteroli popote duniani. Kolesteroli tunaila kwenye vyakula vya wanyama: nyama, mayai, maziwa, samli. Njugu, alizeti na parachichi hazina. Kwa hivyo anayebandika maneno hayo kwenye siagi ya njugu au mtungi wa mafuta ya kupikia hajasema uongo, ila hajakuambia kitu. Ni kama makanga wa matatu pale Odeon, Nairobi, kuita abiria akijisifu kwamba gari lake lina magurudumu.

Mtu aliyeonywa na daktari anafaa kutazama zaidi mafuta shibe, yale yanayoganda upesi kukiwa na baridi. Mafuta ya mawese hayana kolesteroli, lakini karibu nusu yake ni mafuta shibe. Tuligeuza lile kopo la supamaketi tukasoma nyuma: njugu, sukari, mafuta ya mimea, chumvi. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, kwa hivyo sukari ilikuwa imeshika nafasi ya pili. Letu lina njugu na chumvi, basi. Lakini nasi tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa: siagi ya njugu, hata isiyo na kitu kingine, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na vijiko viwili vikubwa vinakupa kalori kama 190. Ukiila kwa kijiko ukitazama taarifa ya saa moja, utanenepa vilevile.

Na hatukuanza biashara hii tukiwa malaika. Lebo yetu ya kwanza ya unga wa uji tulichapishiwa River Road. Fundi alituuliza, "Niwawekee 'Asilia 100%' na 'Huongeza damu'? Wote huweka." Tukasema weka. Baada ya miezi kadhaa dada mmoja akaja kununua pakiti mbili, akatuambia kwa furaha kwamba ameacha kumpa mtoto dawa ya damu aliyoandikiwa kliniki, kwa sababu uji wetu unafanya kazi hiyo. Nilihisi tumbo likinigeuka. Wimbi lina madini ya chuma, ni kweli, lakini lina pia vitu vinavyoyashika yasifyonzwe vizuri na mwili. Kikombe cha uji si dawa ya mtoto aliyepungukiwa damu. Tulimsihi arudi kliniki, na jioni hiyo tukaketi kubandua lebo moja moja kwa maji moto.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba hata sheria ya Kenya ya vyakula na dawa, Sura ya 254, inakataza kutangaza chakula kama tiba ya maradhi yaliyoorodheshwa ndani yake. Kwa hivyo pakiti ikikuahidi kuponya presha au sukari, anza kumshuku aliyeiandika.

Tukiwa kwenye sukari: "haina sukari" na "haijaongezwa sukari" si kitu kimoja. Kwa mwongozo wa Codex, taasisi ya viwango vya chakula ya FAO na WHO (mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa), kisicho na sukari kinatakiwa kisizidishe nusu gramu ya sukari katika gramu 100. "Haijaongezwa" inamaanisha tu kwamba hakuna aliyeimimina, haihesabu ile ya tunda lenyewe. Juisi halisi ya matunda mara nyingi huwa na gramu kama 10 kwa kila mililita 100. Chupa ya nusu lita ni gramu 50, yaani vijiko vya chai kumi na viwili. WHO inashauri ikiwezekana mtu mzima asipite gramu 25 kwa siku, na sukari ya juisi imo kwenye hesabu hiyo. Fanya hesabu kwa chupa nzima, maana ndiyo unayokunywa. Wengi huandika kipimo cha glasi ndogo ili nambari ionekane pole.

Wazee wengi wanatuuliza kama tunao "unga wa watu wa sukari". Hatuna. Tuna wimbi na mtama, na katika kila gramu 100 za unga wa wimbi, kama gramu 70 ni wanga, ambao tumboni hugeuka sukari. Kuchagua wimbi zima badala ya unga uliokobolewa kunasaidia, ila bakuli likiwa kubwa bado ni kubwa.

"Imepunguzwa mafuta" nayo iulizwe imepunguzwa kutoka wapi. Codex inataka tofauti ya angalau asilimia 25. Mayonezi iliyokuwa na gramu 70 za mafuta ikishuka hadi 52 imetimiza sharti, na bado zaidi ya nusu ni mafuta.

Kuhusu vitamini kwenye unga wa mahindi wa pakiti: tangu 2012 sheria ya Kenya inawalazimisha wasagaji kuziongeza, kwa hivyo hakuna anayekufanyia hisani. Unga wetu wa uji haujaongezwa chochote, na tumeandika hivyo. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# na nambari ya kibali kwenda 20023. Itakuambia kama kibali kipo. Haithibitishi yale maneno makubwa ya mbele.

Kila Jumamosi asubuhi, mteja akituletea pakiti yoyote kutoka nyumbani, hata ya washindani wetu, tunaigeuza na kuisoma naye pale kaunta. Lenzi ya herufi ndogo tunayo. Hatutozi.

Yule mama alinunua kopo letu la gramu 400. Lile la supamaketi akalirudisha kwenye mkoba. "Hili ni la wajukuu," akasema, "lenu la chumvi watanilalamikia."