Hukumu iliyotoka Dodoma mwaka 1994

Ndugu Mhariri,

Katika mji huu huu linapokaa Bunge, Juni 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inamtweza mtu utu wake na inakiuka Katiba. Ilikuwa kesi ya Mbushuu na mwenzake, waliotiwa hatiani kwa mauaji. Nawaomba wabunge wetu waisome upya.

Januari 1995 Mahakama ya Rufani iliitengua. Majaji walikubali kabisa kwamba kunyonga ni ukatili, ila wakasema Ibara ya 30(2) inairuhusu adhabu hiyo kwa manufaa ya umma. Toka hapo tumekwama. Hajanyongwa mtu nchini tangu 1994, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kuwa hatasaini hati ya kunyonga. Lakini kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kingali palepale: ukimwacha mjamzito na mtoto, anayekutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia hukumu yake ni moja tu.

Nimewahi kuwemo mahakamani ikisomwa. Wakili alisimama, akasema hana cha kuomba kwa kuwa sheria haimpi jaji nafasi, akaketi. Mama wa yule kijana alikuwa benchi la mbele yangu, nauli ya kurudia kijijini ameifunga kwenye pembe ya khanga. Alimgeukia jirani yake akauliza kwa sauti ndogo, "Wamesema miaka mingapi?" Hakuna aliyemjibu.

Upande wa pili ndugu wa marehemu nao walikuwa wanalia, na uchungu wao siubezi hata kidogo. Muuaji afungwe, hata maisha ikibidi. Ila jaji aliyesikiliza ushahidi wote aachiwe apime: huyu alipanga, yule alipandwa na hasira kilabuni, wote kamba moja?

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilishasema, Novemba 2019 katika kesi ya Ally Rajabu, kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi, ikatupa mwaka mmoja kuuondoa. Rwanda walifuta adhabu yenyewe 2007, Zambia 2022. Sisi hata kubadili neno moja la kifungu kimoja kumetushinda. Serikali ilete muswada wa kuuondoa ulazima huo, na usomwe hapahapa Dodoma.

Mkazi wa Chang'ombe,
Dodoma