Safari za dharura za wazazi zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, inayojulikana kwa jina la m-mama, ambayo mimi ni mmoja wa madereva wake wa jamii hapa wilayani Sengerema, mkoani Mwanza. Ninaendesha Probox ambayo mchana hubeba abiria na magunia ya mpunga kati ya vijiji vyetu na mjini, na usiku simu ikiita huwa ndiyo gari la wagonjwa. Siandiki kuomba nyongeza ya malipo, ingawa ikija sitaikataa. Ninaomba jambo moja lisilo na gharama: taarifa ya safari hizi isomwe mbele ya wananchi kila mkutano mkuu wa kijiji unapokaa, kama yanavyosomwa mapato na matumizi.

Kwa msomaji wa mjini ambaye hajaiona huduma hii, nieleze kwa ufupi inavyofanya kazi. Mama akipata shida, iwe nyumbani au zahanati, ndugu yake, muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea simu huuliza maswali ya kupima uzito wa hali, kisha hutafuta kwanza gari la wagonjwa la serikali, na kama liko mbali au tayari liko safarini, hupigiwa simu dereva wa jamii aliye karibu, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyekwisha kusajiliwa na kuelekezwa. Dereva humfikisha mgonjwa kituo alichoelekezwa, wahudumu wa pale huthibitisha kwamba amefika, na malipo huingia kwenye simu yake. Familia haitoi nauli. Wilaya yetu ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kabisa kujaribiwa utaratibu huu, pamoja na Shinyanga, miaka kadhaa kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajazindua upanuzi wake wa kitaifa mwaka 2022.

Hivyo ndivyo inavyoelezwa ofisini. Kijijini mambo yana sura nyingine, na ndiyo inayonifanya niandike.

Usiku mmoja wa masika, saa nane, nilipigiwa simu kwenda zahanati ya kijiji cha jirani. Mama alikuwa amejifungua salama lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na damu ilikuwa inamwagika. Tulilaza viti vya nyuma, tukatandika godoro la mwenyekiti wa kitongoji (alilitoa mwenyewe bila kuombwa, na sidhani kama lilimrudia likiwa safi), muuguzi akapiga magoti pembeni ya mgonjwa, na mama mkwe akapewa kazi ya kushika dripu juu kwa mkono, maana kwenye Probox yangu hakukuwa na pa kuitundika. Muuguzi aliniambia neno moja tu njia nzima: "Kaka, punguza kwenye mashimo, lakini usisimame." Tulipofika kwenye mtelemko wa kijito, maji yalikuwa yamefunika kalavati. Nilikuta vijana wawili wa sungusungu wamesimama ndani ya maji hadi magotini, mmoja kila upande, wakimulika tochi chini kunionyesha kingo ziko wapi. Hakuna aliyewatuma kutoka wilayani. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyewapigia simu akawaambia gari la mzazi linapita.

Mama yule yu hai na mwanawe sasa anakimbia. Ujumbe wa malipo uliingia nikiwa bado nasuuza sakafu ya gari pale hospitali, na kwa hilo naishukuru huduma, maana dereva wa kijijini hana akiba ya mafuta ya kusubiria hundi. Lakini jiulize, Ndugu Mhariri, ni wapi yameandikwa yale ya godoro, ya mama mkwe na ya vijana wawili ndani ya maji? Safari ile imeandikwa kwenye kompyuta kama kilomita, muda na namba ya rufaa. Kijiji kilichochangia nusu ya kazi hakikuwahi kuambiwa kwamba kazi ilikamilika.

Wazee wetu hapa Usukumani wanakumbuka machela: kitanda cha kamba kilichofungiwa miti miwili, wanaume wanapokezana mabegani hadi barabarani. Machela ilikuwa nzito na ya polepole, na wengi walifia njiani, sitaki mtu aitamani. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja ambayo gari langu halina. Kila aliyebeba alijua mgonjwa alifikaje, alijua ni wapi palipowachelewesha, na wakirudi walilizungumza jambo hilo kijiji kizima. Sungusungu nao, walioanzishwa na Wasukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, hawakuenea vijiji vyote hivi kwa sababu ya waraka. Walienea kwa sababu yowe likipigwa kila mtu alijua limepigwa kwa nini na limeishia wapi.

Leo simu ya 115 inapigwa usiku, gari linakuja, mama anaondoka, na asubuhi kijiji kinabaki na uvumi. Mimi nimesikia kwa masikio yangu nikisemwa kilabuni kwamba "anakula hela za wazazi". Nimesikia pia mama mmoja akimshauri binti yake asipige namba hiyo kwa kuwa atakatwa pesa kwenye simu. Nilikutana na mzee aliyekataa mkwewe asipelekwe hospitali hadi mwanawe arudi kutoka ziwani, na mwanawe alirudi saa tatu asubuhi. Wataalamu wa uzazi husema kuna kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Gari linatibu kuchelewa kwa pili. Kule kwa kwanza kunatibiwa na maneno yanayosemwa hadharani na mtu anayeaminika, mbele ya mzee yule na wenzake, na damu inayotoka baada ya kujifungua inaweza kumuua mama ndani ya saa mbili huku familia bado inamsubiri mwenye uamuzi.

Ndiyo maana nataka taarifa isomwe mkutanoni. Kwa mujibu wa sheria mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ninachopendekeza ni dakika tano: mganga mfawidhi wa zahanati, au mjumbe wa kamati ya zahanati, asimame aseme katika miezi hii mitatu simu ngapi zilipigwa kutoka kijiji hiki, ngapi zilipata gari, ngapi zilikosa na kwa sababu gani, na ilichukua muda gani tangu simu kupigwa hadi mgonjwa kufika. Rufaa za zahanati zimo kwenye daftari la rufaa, na simu zilizopigwa kutoka majumbani mhudumu wa afya ngazi ya jamii anazijua karibu zote. Hakuna haja ya kusubiri takwimu zishuke kutoka mkoani.

Najua litakaloulizwa mara moja, nalo ni siri ya mgonjwa. Ni swali la haki. Majina yasitajwe kamwe, wala ugonjwa, wala kitongoji pale ambapo kukitaja ni sawa na kumtaja mtu. Isomwe idadi, muda na sababu ya kuchelewa. Mtu akitaka kusema habari zake mwenyewe, kama yule mama mkwe anavyozisimulia kila msiba na kila harusi, hiyo ni hiari yake.

Sababu za kuchelewa ndizo zitakazokipa kijiji kazi. Nitoe mfano wa kalavati lile lile. Kwa misimu miwili kila dereva alikuwa anazunguka kwa njia ya juu, mwendo mrefu zaidi kwa zaidi ya nusu saa, kila mmoja wetu akidhani wenzake wamekwisha kutoa taarifa. Ofisi iliyohusika ilikuwa na barua moja tu ya malalamiko, na haikusema lolote kuhusu wagonjwa. Siku moja mwenyekiti wetu alinisikia nikilalamika dukani, akauliza ni safari ngapi za wazazi zimezunguka, nikamhesabia kwa vidole. Jumamosi ile ukapigwa msaragambo, watu wakaleta mawe na changarawe kwa mikokoteni ya ng'ombe, na ingawa haikuwa kazi ya mhandisi, gari lilipita msimu mzima uliofuata. Kijiji hakikuwa kizembe; kilikuwa hakijui. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliokificha jambo hilo bila kukusudia.

Hapa lazima nilitaje Daraja la Kigongo-Busisi, kwa sababu kila ninapozungumzia usafiri wa wagonjwa watu hunijibu kwamba daraja limekwisha jengwa. Ni kweli, na anayelidharau hajawahi kukaa Busisi usiku na mgonjwa wa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando jijini Mwanza, kivuko kikiwa ng'ambo ya pili, taa zake zikionekana na zisisogee. Daraja lile la kilomita 3 hivi, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700 na kuzinduliwa Juni 19, 2025, limefuta kule kusubiri. Lakini mgonjwa wetu hazaliwi Busisi. Anatoka ndani, kwenye njia za mashamba ya pamba na mpunga, na dakika tulizoziokoa juu ya ziwa tunaweza kuzipoteza zote kwenye kilomita sita za kwanza kabla hatujaiona lami. Kwa wenzetu wa visiwa vya Kome na Maisome hata kilomita hizo ni maji, na gari lao ni mtumbwi wa injini unaotegemea upepo umelalaje.

Kuna jambo la pili ambalo mkutano unapaswa kulisikia, na linaniuma zaidi. Huduma hii iliundwa kwa ajili ya wazazi na watoto wachanga, na ni haki ianze na hao. Kijijini, hata hivyo, watu wanajua namba moja tu ya dharura ya afya. Mwaka jana nilipigiwa simu na jirani yangu, si na kituo, kijana wake alikuwa amegongwa na bodaboda na mfupa wa paja umevunjika. Nilimpeleka. Mafuta yalikuwa yangu, na sikudai, maana ni jirani. Lakini nimekwisha kuona pia familia ya mgonjwa wa namna hiyo ikielezwa, mahali ambapo sitapataja, kwamba gari la wagonjwa lipo ila lijaziwe mafuta kwanza, na nikaona mbuzi akiuzwa saa tano usiku kwa bei ya kuku wawili. Aliyeumwa na nyoka na mtoto mwenye degedege nao wana saa zao zinazohesabika. Sidai kwamba huduma ya wazazi ibebeshwe mizigo yote kesho asubuhi. Ikielemewa, tutapoteza hata hii tuliyo nayo. Nadai kwamba kijiji kikijua hesabu ya safari kinaweza kuamua chenyewe, ndani ya mkutano ule ule, kuwa na mfuko mdogo wa mafuta kwa dharura zisizo za uzazi, wenye mtunza fedha na daftari, badala ya kutegemea mbuzi wa mtu na huruma ya dereva.

Nimeona pia kwamba taarifa ya namna hii ingetulinda sisi madereva. Wakati mmoja uthibitisho wa kufika ulichelewa kuingizwa na nikakaa siku tisa bila malipo ya safari mbili. Nilipiga simu, nilifuatilia, nikachoka. Dereva mwenzangu alipokutwa na hali hiyo hakulalamika, alianza tu kuzima simu usiku, na kwenye orodha jina lake likabaki palepale. Kijiji kinachosomewa kwamba simu tatu zilikosa gari kitauliza ni kwa nini, na jibu litamfikia anayeweza kulirekebisha.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya wanawake vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Hayo ni mafanikio ya wengi, wakunga, benki za damu, vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji na usafiri pia, na dereva wa Probox asijipe sifa isiyo yake. Nayataja kwa sababu nyingine. Takwimu hizo zimesomwa Dodoma, zimesomwa kwenye mikutano ya nje ya nchi, na mimi nimezisikia redioni nikiwa nasubiri abiria stendi. Sijawahi kusikia ikisomwa idadi ya kijiji changu mwenyewe.

Mkutano mkuu wa kijiji chetu unakaribia. Nimemwomba mtendaji aingize jambo hili kwenye ajenda, naye amenijibu kwa upole kwamba ajenda huja kwa maandishi kupitia halmashauri ya kijiji. Nimeandika, mganga mfawidhi ameandika na yeye, na vijana wale wawili wa sungusungu wametia saini zao chini yetu.

Dereva wa Jamii,
Sengerema, Mwanza.