Chunusi: kabla hujanunua kopo la tano

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu hapa Moshi mjini kuulizia dawa ya chunusi hawajakosa vya kupaka. Wamezidisha. Mfuko ukifunguliwa pale kaunta unatoka na sabuni mbili za kusugulia, seramu aliyoelekezwa na shoga yake, limao la jana, na kikopo cheupe kisicho na lebo. Uso wenyewe umekauka, unawasha, na chunusi zipo palepale.

Chunusi inaanzia ndani ya kitundu cha kinyweleo. Homoni zikichochea tezi za mafuta, mafuta yanazidi, seli zilizokufa zinaziba njia, na bakteria ambao kila mtu anao wanapata pa kustawi. Hapo ndipo panavimba. Kwa hiyo vumbi la stendi mnalionea bure, na kusugua uso kwa nguvu kunaongeza uvimbe tu.

Asubuhi tunashauri mambo matatu. Nawa kwa vidole na sabuni laini ya uso (ya mche iache kwenye beseni la nguo), paka losheni nyepesi isiyoziba vitundu, kisha losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi. Hiyo ya tatu ndiyo tunayobishana nayo kila siku: "Dada, mimi na weusi huu, jua litanifanya nini?" Litakukolezea madoa. Kwenye ngozi nyeusi chunusi ikipona huacha alama, na jua huifanya idumu. Hata ule mwezi wa saba ambao mlima haumuoni mtu kwa mawingu, miale inapita.

Usiku nawa tena, halafu dawa. Moja. Benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 inatosha kuanzia kwa chunusi zenye uvimbe. Kama shida yako ni vile vichwa vyeusi puani, asidi ya salisiliki ya asilimia 2. Kiasi cha punje ya njegere kinaenea eneo lote linalotoka chunusi, maana unatibu na zile ambazo bado hazijajitokeza. Anza siku moja ndiyo, moja hapana. Benzoili peroksidi inapausha nguo: foronya ya rangi itabaki na mabaka meupe, na kanga uliyojitanda shingoni vilevile. Lalia foronya nyeupe. Adapalini, dawa nyingine ya chunusi ya kupaka, nayo ni nzuri, ila mjamzito asiiguse, wala anayetafuta mimba.

Halafu subiri. Tofauti huanza kuonekana wiki ya 6 hadi ya 8, wengine hadi ya 12. Wengi huacha wiki ya pili, wakanunua kingine, na safari ikaanza upya.

Kama zimejipanga kwenye paji la uso tu, pembezoni mwa nywele, tutakuuliza kwanza unapaka nini kichwani. Mafuta ya nazi yakishuka kutoka kwenye msuko yanatosha kuleta hilo.

Sasa kile kikopo cheupe. Mikorogo mingi ina steroidi kali (dawa za kushusha uvimbe), na ndiyo maana inauzika: chunusi zinanywea ndani ya siku chache, uso unang'aa, unamsifia muuzaji. Ukiacha, zinarudi kwa wingi na ngozi imeshakuwa nyembamba. Mingine ina zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Hatuuzi, hata ukituahidi bei mara mbili. Kama umetumia mkorogo miezi kadhaa, usiache ghafla bila kumwona daktari wa ngozi. Watu wa Moshi tuna bahati: hospitali ya KCMC kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha madaktari wa ukanda huu tangu 1992. Huko huko tunawaelekeza wenye vinundu vikubwa vinavyouma au makovu, na akina dada ambao chunusi zimekuja pamoja na ndevu na hedhi isiyo na mpangilio. Hayo si ya kumalizwa na duka.

Ukija, njoo bila mekapu na ubebe kila unachopaka, mafuta ya nywele yakiwemo. Kuangaliwa ni bure, na mara nyingi utaondoka na vitu vichache kuliko ulivyokuja navyo. Wa Arusha, tutumieni picha mliyopiga mchana karibu na dirisha, bila kichujio. Mzigo tunaupakia kwenye basi.