Kaka, viazi vya mama sikuving'oa mapema

Kaka, shikamoo.

Uliponipigia simu mwanzoni mwa mwezi wa sita ukaniambia bei imepanda, niuze viazi vyote vikiwa bado tutani, sikukujibu vizuri. Nilisema "nitaona", nikakata. Nakujibu leo mbele za watu, maana hapa Njombe si mimi peke yangu ninayepigiwa simu ya namna hiyo na ndugu aliye Dar.

Mwaka jana nilikusikiliza. Mnunuzi alikuja na vijana wake majani yakiwa bado mabichi, wakamaliza shamba kwa asubuhi moja. Akajaza lumbesa, magunia yamejazwa kupita kipimo mpaka yamevishwa vilemba, na sote tunajua sheria ya vipimo inakataza. Hilo liliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni vile viazi vilivyobaki nyumbani. Ganda lake lilikuwa changa mno, ukikisugua kiazi kwa kidole gumba linavuka. Kila palipochubuka pakawa mlango wa kuoza. Wiki ya tatu nilipofungua stoo nilikutana na harufu, na maji yanachuruzika chini ya kichanja. Mbegu ya mama ikaenda na maji hayo. Sikukuambia siku ile. Nilikwenda kwa shangazi nikapiga magoti, akanirudishia debe moja la mbegu ileile ambayo mama alimgawia zamani.

Ndiyo maana safari hii sikutaka mtu ashike jembe kabla ya wakati. Nilipanda mwishoni mwa Februari. Aprili, ule ukungu wa asubuhi ulipokuwa haukatiki hadi saa nne, nikaona madoa meusi pembeni mwa majani, na ukigeuza jani kuna utando mweupe. Ni ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuua watu kwa njaa, na bado kila masika unapita mabondeni kwetu. Nilipiga dawa mapema, nikapandishia udongo tena ili viazi vifunikwe vizuri, na mistari miwili ya chini niliipoteza. Mingine ilisimama mpaka majani yalipogeuka manjano yenyewe.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakiona manjano wanachukua jembe. Mimi nilichukua mundu. Nikakata mashina usawa wa udongo, nikayatoa yote shambani, nikasubiri wiki mbili. Katika wiki hizo kiazi hakiongezeki ukubwa; kinachokomaa ni ganda. Na vimelea vya ugonjwa ule wa majani vilivyodondoka juu ya tuta hupata muda wa kufa, visije vikagusana na kiazi siku ya kuchimba. Kila baada ya siku chache nilifukua kimoja nikakisugua kwa kidole gumba. Cha kwanza kilichubuka. Cha pili kidogo tu. Siku ganda lilipogoma kabisa, nikawaita watoto.

Laiti ungekuwepo, kaka. Jua kali, upepo wa baridi, udongo mkavu unaachia wenyewe. Nilianzia pembeni mwa tuta, mbali na shina, kama mama alivyotufundisha, kisha watoto wakamalizia kwa mikono. Vilivyokatwa na jembe tuliviweka kando, tukavichemsha na maganda yake mchana uleule, tukala kwa chumvi na chai ya maziwa. Mwanangu mdogo alikula vinne, akauliza kwa nini vya sokoni si vitamu hivi. Tumepata debe kumi na moja za kula na tatu za mbegu. Hatukuviosha. Tuliviacha vikauke kidogo kivulini, udongo ukapukutika, vikaingia stoo yenye giza na hewa.

Vya mbegu vina kanuni nyingine. Hivyo nimevitandaza juu ya kichanja barazani, tabaka moja moja, mwanga unavifikia lakini jua haliviunguzi. Vimeanza kuwa kijani, na kiazi cha kijani si cha kula kamwe, kina sumu. Ila kwa mbegu ukijani huo ni mzuri: machipukizi yatatoka mafupi na yenye nguvu, siyo yale marefu meupe yanayovunjika ukiyagusa. Watoto nimewaambia wasiguse kichanja hicho hata wakiwa na njaa.

Jambo moja lilinitisha. Mwezi wa tano mche mmoja ulinyauka ukiwa kijani, ghafla. Nikakata kipande cha shina, nikakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, nikakaa kukitazama. Kama ni mnyauko wa bakteria, nyuzi nyeupe kama maziwa hushuka ndani ya maji baada ya dakika chache. Hazikushuka. Nilipochimba nikakuta kiwavi amekata shina. Lakini sitabahatisha: pale nitapanda njegere, halafu mahindi. Nyanya hapana, na hata mnafu hapana, ingawa naupenda. Hizo ni jamii moja na kiazi, na zinabeba magonjwa yaleyale.

Bustani ya nyuma ya nyumba inamalizika. Chainizi imetoa maua, nimeiacha kwa ajili ya mbegu. Majani ya maboga yamekauka, maboga yenyewe yako juu ya paa la jiko. Karoti nimeziacha ardhini, baridi hii inazitia utamu. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, nao umekatika, kwa hiyo vijana wanapatikana kwa vibarua, na Jumatatu tunafungua vinyungu, bustani zetu za kiangazi, kule bondeni. Nitaanza na kabichi na figili. Maharage yatangoja sakitu, umande unaoganda, iishe, maana baridi yote ya usiku hutuama kule chini.

Gunia lako nimelipakia jana kwenye basi. Ukilipokea, vitoe kwenye kiroba siku hiyohiyo, vitandaze mahali penye giza, na wifi asivioshe mpaka siku ya kupika.

Matuta mawili ya juu, karibu na mparachichi, sijayagusa. Nimeziba nyufa zote za udongo nondo wasipate njia ya kutaga, na kwa ukavu huu vitakaa salama hadi mwisho wa mwezi wa saba. Majani yamekwisha, hutajua tuta liko wapi, kwa hiyo nimechomeka kijiti kila mwisho. Njoo na watoto wako wachimbe. Majembe yapo.

Mdogo wako